Halbadiri ya Mapipa Matatu

Wote wameshakufa: Bwana, Madamu, mnunuzi, mwalimu, shemeji yangu, na mwaka juzi dada yangu. Ndiyo maana nasema. Usije ukanisifu kwa ushujaa. Mtu anayengoja mpaka wanaohusika wote wawe kaburini si shujaa.

Sijawahi kuonja wiski hata tone. Lakini katika Gisenyi ya miaka ya hamsini hapakuwa na mtu mweusi aliyeijua kunishinda. Niliijua kwa harufu yake asubuhi depo inapofunguliwa, niliijua kwa sauti ya pipa ukiligonga kwa kifundo cha kidole, na niliijua kwa ufito, ule mti mwembamba wenye alama unaoutumbukiza kwenye tundu la pipa kuona kimebaki kiasi gani. Mzungu mmoja mwenye hoteli karibu na ufuko alinipa kazi ya kutunza depo yake, ghala la vinywaji, na alinichagua kwa sababu moja tu, kwamba mimi ni Muislamu. Aliniambia usoni, bila haya, kwamba fisi hakabidhiwi bucha. Isitoshe, siku zile mtu mweusi kukutwa na pombe kali ya Kizungu ilikuwa kesi: jela, na kiboko juu yake.

Bwana huyo alikuwa na wazo ambalo Wazungu wenzake walilicheka. Alileta mapipa sita ya wiski changa, yakaja kwa meli, kwa treni, halafu kwa lori mpaka kwetu, akayalaza ndani ya depo yake ya mawe ili yazeeke. Alitaka kuyauza baada ya miaka, arudi kwao ana kitu. Siku ya kwanza alinikalisha juu ya sanduku akanifundisha. Pipa si chupa, alisema. Mbao zinapumua, na kila mwaka kiasi fulani cha wiski kinatoka kama mvuke, hakionekani na hakirudi. Mahali penye ubaridi na unyevu kinatoka polepole; penye joto kinatoka mbio. Hakuna ubaya, alisema, maana kinachobaki ndicho kinachobeba bei ya kilichoondoka, mradi kisiondoke kupita kiasi. Halafu akacheka, akasema kwao hiyo inayotoka huitwa sehemu ya malaika.

Astaghfirullah. Nilimwomba Mungu ayasamehe masikio yangu. Malaika tunaowajua sisi hawanywi. Wanakaa mabegani, mmoja kulia na mmoja kushoto, wanaandika. Neno lile sikulipeleka nyumbani, sikumwambia rafiki wala mke, kwa sababu mtaani kwetu ningeonekana nimekufuru au nimelewa. Basi mtaa mzima wa Waislamu, kuanzia kwa washona nguo mpaka kwa wauza chumvi, hakuna aliyejua kwamba pipa lililofungwa linaweza kupungua lenyewe. Nilijua mimi peke yangu.

Masharti yalikuwa mepesi. Asubuhi na jioni nimwagie sakafu maji. Dirisha la upande wa jua lisifunguliwe. Mapipa yasisogezwe. Nilifanya hivyo miaka miwili, mpaka siku Bwana moyo ulipomsimama mezani, kijiko mkononi. Madamu, mke wake, alibaki na hoteli. Yeye alijua mashuka, sahani na wageni. Depo alikuwa haingii kwa sababu ya kuogopa panya. Alinikabidhi ufunguo akasema niendelee vilevile.

Sikuendelea vilevile. Alikuja mchuuzi mmoja wa viazi kutoka Mudende, akaona depo ile yenye giza na ubaridi, akaitamani. Viazi vikikaa kwenye joto vinachipua, na yeye alikuwa anangoja bei ipande ng'ambo ya mpaka, Goma. Tukaelewana bei, mimi na yeye, Madamu hayumo. Ili nimpe nafasi, nilikodi wapagazi wa kutwa, tukaviringisha mapipa matatu tukayatia kwenye banda la nyuma. Banda lile lilikuwa bati juu, bati ubavuni. Watu husema Gisenyi kuna baridi. Nenda kaingie kwenye banda la bati saa nane mchana, halafu uje uniambie. Hata maji ya sakafu niliacha, maana yangeozesha viazi. Mapipa matatu yakabaki kwenye mawe, matatu yakakaa kwenye jiko, msimu wa viazi baada ya msimu, miaka minne.

Mwaka wa pili wa banda, pete za chuma za yale mapipa zilianza kucheza. Mbao zilikuwa zimekauka zikasinyaa, na moja lilikuwa linalia kwenye maungio, tone kwa tone. Nikamwita shemeji.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, alikuwa fundi wa mbao. Alizaliwa Nyakiriba kwa wakulima, na kabla hajaja mjini kazi yake ilikuwa kuchonga muvure, ule mtumbwi mkubwa wa kukamulia ndizi za pombe. Alimpenda dada, akasilimu, akamwoa. Sisi wenyeji wa mtaa, ambao babu zetu walikuja kutoka Ujiji na mizigo ya nguo na chumvi, tulimwita Muislamu wa juzi. Alishafikisha miaka kumi na moja katika dini, hakosi alfajiri, na bado alikuwa wa juzi. Mimi nami nilimwita hivyo, tena mbele ya mke wake. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akitabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo, anaendelea na kazi yake.

Siku ile alikaa bandani kutwa nzima. Alizishindilia pete kwa nyundo na kabari, akaziba maungio kwa majani ya matete aliyoyakata ziwani, akatoka jasho linamchuruzika mpaka kwenye viatu. Akaniangalia.

"Shemeji, humu ndani iko moto," alisema. "Hii kitu itakwisha."

Nilimjibu kwamba kazi yake ni nyundo. Alinawa mikono akaenda zake, na hakulirudia neno hilo kwa mtu yeyote.

Bon. Ikafika siku Madamu akachoka na Afrika, akataka kuuza kila kitu arudi kwao. Mnunuzi wa mapipa alikuwa Mzungu wa Goma, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Nilipata habari siku tatu kabla. Viazi vikaondoka, mapipa matatu yakarudi mahali pake, nikayapaka vumbi la sakafuni kwa kiganja changu yaonekane hayajawahi kutoka. Kumbe vumbi haliwezi kujaza pipa. Mnunuzi alitia ufito katika la kwanza, la pili, la tatu: umelowa karibu mpaka juu. Akatia katika la nne, ukatoka umelowa mpaka nusu tu. La tano hivyo hivyo. La sita, chini ya nusu.

Yule bwana alijua. Mtu wa biashara ya wiski hawezi asijue kwamba pipa linapumua. Lakini mtu anayenunua hakusaidii kupandisha bei. Alipangusa ufito kwa leso yake, akamwambia Madamu kwa Kifaransa kwamba hapa kuna mtu anakunywa, na kwamba atarudi baada ya miezi miwili kusema atatoa nini. Madamu akanigeukia. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Wewe leta mwizi," alisema, "ao mimi naita polisi, na mwizi iko wewe."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ningemwambia: Madamu, inatoka yenyewe, marehemu alinifundisha. Lakini swali la pili lilikuwa limesimama mlangoni, nililiona kabisa: kwa nini matatu na si sita? Na jibu la swali hilo lilikuwa viazi. Nikainamisha kichwa nikasema mwizi atapatikana.

Mtaani habari ilifika kabla yangu. Jioni hiyo, kwenye baraza la mshona nguo mmoja ambapo tulizoea kukaa kabla ya magharibi, wenzangu wananiangalia wanacheka. Mmoja akanusa hewa nilipopita. Mwingine akaniuliza kama kileo cha Kizungu kinaondoa kikohozi. Ni utani tu, watu wa mtaa wanataniana, lakini mimi nina hasira za karibu, ninazo mpaka leo. Nikapandisha sauti nikasema kama wao ni wanaume na isomwe Halbadiri, tuone tumbo la nani litavimba.

Kwa asiyejua, Halbadiri ni kisomo. Mtu akiibiwa na mwizi hajulikani, mwalimu na wanafunzi wake wanakaa, wanachoma ubani, wanasoma dua na majina ya watu wa Badri, wale waliopigana vita pamoja na Mtume, na mtaa wote uliamini kwamba mwenye hatia atapigwa: atavimba, ataumbuka, atakufa asipokiri. Wako masheikhe wanaosema haifai. Mtaani kwetu hakuna aliyewasikiliza. Mtu alikuwa akitishia tu kuisoma, na kuku aliyeibiwa anarudi mwenyewe uani.

Mimi nilisema kwa kujua kwamba haitasomwa. Nani atasoma Halbadiri kwa ajili ya pombe? Mwalimu wetu wa msikitini alikuwa mkali, pombe hata kuitaja hataki. Nilikuwa najipa ushujaa wa bure. Lakini mdomo huponza kichwa. Mwalimu alikuwa amekaa ndani ya duka anapimwa kanzu, akasikia, akatoka na pini zimening'inia begani. Akafikiri kidogo. Akasema pombe kweli ni uchafu, hata ikimwagwa ziwani hakuna hasara, ila hapa kinachodaiwa si pombe, ni heshima ya Muislamu aliyesingiziwa, na heshima ya Muislamu inasomewa. Watu wakaitikia. Mmoja wa waliokuwa wananicheka akanishika bega, akaniomba radhi.

Nilirudi nyumbani bila kungoja magharibi.

Ilisomwa Alhamisi baada ya alasiri, uani kwa mwalimu. Dada yangu na wanawake wenzake walipika chai ya maziwa na maandazi. Mimi nilikalishwa mstari wa mbele kwa sababu ndimi niliyedhulumiwa. Shemeji alikaa nyuma karibu na viatu, pale alipokuwa anakaa siku zote. Kila dua ilipokwisha nilisema amina kwa sauti, ili watu wanisikie, na moyoni nilikuwa naomba Mungu asinisikie. Niliamini kisomo kile kama ninavyoamini moto unaunguza. Nilijua kinamtafuta nani.

Kuanzia kesho yake nilichukua uzi kwa mshona nguo nikapima kiuno changu, nikafunga fundo. Kila asubuhi kabla ya kunywa chai naingia chumbani, najipima. Uzi unafika kwenye fundo, nashukuru. Siku moja nilikula maharage jioni, asubuhi uzi ukapungua kidogo, nikakaa kitandani nalia kama mtoto, mke wangu anauliza nini, namwambia jino. Wiki mbili nilikonda. Watu wakasema maskini, fitina imemmaliza.

Halafu akavimba shemeji.

Ilianza miguuni, viatu havimwingii. Kisha tumbo. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo uovu wangu ulipo. Mtu yule alikuwa anashika ubavu wa kulia tangu Ramadhani, miezi mingi kabla ya kisomo. Nilimwona mara tatu ameacha randa juu ya meza, ameinama, ameuma meno. Macho yake yalishaanza kuwa ya manjano, na dada alikuwa anamchemshia majani ya kwao Nyakiriba. Ulikuwa ugonjwa kama magonjwa mengine. Mimi nilijua, na nilipoona miguu yake, jambo la kwanza nililohisi si huruma. Nilifurahi. Nikaenda chumbani nikauchoma ule uzi.

Mtaa ukajumlisha wenyewe. Nani anaingia depo zaidi ya mtunzaji? Fundi. Nani alizaliwa kwenye pombe, mikono yake imechonga muvure? Fundi. Nani Muislamu wa juzi? Wakaja wazee watatu nyumbani kwangu, kwa adabu, wakaniuliza jambo moja tu, kama shemeji aliwahi kuyashika yale mapipa. Nikasema ndiyo. Kisha nikaangalia chini, kama mtu anayemficha ndugu yake. Sikusema uongo hata neno moja. Aliyashika.

Kuanzia siku hiyo salamu yake haikujibiwa. Alikuwa anajikokota msikitini kwa fimbo, anasema asalam alaikum, watu wanatazama saa. Aliyeagiza kitanda kwake alikuja kuchukua mbao zake zikiwa zimechongwa nusu. Dada alikuwa anauza vitumbua mlangoni. Vikabaki kwenye sinia mpaka jioni, anawapa majirani Wakristo wa upande wa ziwani, wavuvi, ambao hawakujali Halbadiri ya mtu. Hospitali dada alitaka kumpeleka, lakini kila aliyemwomba msaada wa kumbeba alimwambia kwamba hospitali haiondoi kisomo. Mimi ni mmoja wao. Nilimwambia hivyo dada yangu wa tumbo moja.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alituma ujumbe kwamba Halbadiri inafunguliwa. Shemeji akiri mbele ya watu, atubu, wamsomee upya, atapona. Dada akamwangukia mumewe miguuni, akimsihi akiri tu, hata kama ni uongo, apone. Akakataa. Ndipo dada akaja kwangu, amejifunga kanga kichwani vibaya, na aliponiona akakaa chini kwenye vumbi.

"Kaka, wewe anakuheshimu," alisema. "Mwambie akiri. Mi sitaki mutu mwenye jina zuri, nataka mume."

Nikaenda. Ndiyo, nilikwenda. Mimi nilikwenda kumshauri asiye na hatia akiri hatia yangu, na njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri, kuhusu subira na rehema ya Mungu. Nilimkuta amelazwa kwenye kitanda alichokichonga mwenyewe, tumbo limepanda chini ya shuka, mikono imebaki mifupa. Nilianza kusema yale maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba dada akalete maji ya kunywa kwa jirani, ingawa mtungi ulikuwa pale pembeni, umejaa. Dada alipotoka akageuza kichwa.

"Shemeji, mi niliingia kwenye ile banda. Nilipiga pete na mikono yangu. Mbao ilikuwa imekauka kama ufagio. We unataka nikiri nini?"

Akaniambia kwamba tangu siku ile alijua wiski imekwenda na joto, kwa sababu hata mtungi wa maji ukiuweka juani unapungua, na mbao ni mbao. Hakusema kwa mtu, hata kwa mke wake. Nikamuuliza kwa nini. Alishangaa kwamba nimeuliza.

"Ningesema, wangekufunga," alisema. "Ningelala vipi na dada yako?"

Akapumzika, maana kusema kulimchosha. Kisha akasema sasa imekuwa kubwa. Watoto hana, mali hana. Jina ndilo kitu pekee atakachomwachia mke. Hataki kuzikwa kama mwizi wa pombe. Hakutaka aseme yeye, nani angemwamini. Alitaka niseme mimi, kwa kinywa changu, neno moja tu, msikitini. Nilimshika mkono nikamwahidi Ijumaa. Alitabasamu upande mmoja wa mdomo. Ilikuwa Jumanne.

Alhamisi mnunuzi alirudi. Safari hii alikuja na vikombe vidogo vya kioo, akatoa kidogo katika kila pipa, akanusa, akaonja, akatema. Alipofika kwenye yale matatu yaliyopungua hakutema. Alirudia la nne. Alirudia la sita mara mbili. Mimi nimesimama na funguo, naona uso wake unabadilika, tamaa imemshinda ujanja. Mapipa yaliyojaa, alimwambia Madamu, bado ni machanga, yamelala tu. Haya mengine yamepikwa na joto, yamekomaa kama yaliyokaa mara mbili ya miaka yake. Yamepoteza nusu, na nusu iliyobaki inashinda pipa zima la yale. Akataja bei, na Madamu akakaa juu ya sanduku, lile lile nililokalishwa mimi na marehemu. Ndipo mnunuzi, kwa kuwa sasa hakuwa na cha kuficha, akamwelezea jinsi wiski inavyotoka ndani ya mbao. Madamu alicheka mpaka akafuta machozi. Kwa nini matatu na si sita, hakuuliza. Swali nililoliogopa miezi yote ile, hakuna aliyeliuliza.

"Basi hapana mwizi," aliniambia, amefurahi. "Ni hewa tu. Wewe ambia watu yako."

Nikasema ndiyo, Madamu.

Fikiria basi. Polisi hayupo tena, jela haipo, viazi vimesahauliwa, mwenye mali mwenyewe amesema hapana mwizi. Nilichotakiwa kufanya ni kupanda mtaani na kurudia maneno ya Mzungu. Yasingenigharimu hata kazi. Ijumaa niliingia msikitini nikiwa na neno limekaa tayari mdomoni, na niliapa ndani ya nafsi yangu.

Mwalimu alihutubia habari ya uaminifu. Hakunitaja, lakini alisema yuko kijana katikati yetu aliyekabidhiwa haramu na hakuigusa, akasingiziwa, akasubiri, na Mungu akamwonyesha adui yake. Mstari mzima ukanigeukia. Baada ya sala wazee wakanizunguka, wakaniambia wamekubaliana ufunguo wa sanduku la msikiti nikae nao mimi. Baba yangu alikufa akiutamani ufunguo ule. Waliponiwekea kiganjani niliona aibu, na nilipenda. Nasema ukweli, nilipenda sana. Nikifungua mdomo sasa, nilifikiri, Halbadiri imempiga asiye mwizi, mwalimu ataaibika, wazee wataaibika, na ufunguo utarudi. Nikasema nitasema kesho.

Nyumba ya shemeji iko njiani kutoka msikitini. Dirisha lake lilikuwa wazi, na kitanda kilikuwa kimesogezwa karibu nalo, anatazama watu wanaotoka sala. Anawatazama nyuso. Nilipita upande mwingine, nyuma ya maduka.

Alikufa Jumamosi kabla ya adhuhuri.

Wa kumwosha walipatikana wawili tu, kwa kubembelezwa. Jeneza la msikiti, ambalo yeye ndiye aliyelitengeneza mguu mwaka uliopita bila malipo, liliwekwa uani kwake, na watu wakaja, kwa sababu kumzika Muislamu ni wajibu hata akiwa nani. Wanawake walikuwa ndani, nyuma ya jamvi lililotundikwa mlangoni. Mwalimu akauliza kama desturi, kuna mtu ana haki yake kwa marehemu? Halafu akasema yuko mmoja ambaye marehemu alimdhulumu kuliko wote, alimtia katika fitina, karibu amtie jela, na kwamba kama huyo atamsamehe mbele ya watu, huenda Mungu akampanulia kaburi. Hakutaja jina. Watu wote wakanitazama.

Nilisimama. Neno la shemeji lilikuwa bado limo mdomoni mwangu, hai. Ningelisema pale, mwili wake ukiwa haujaondoka uani, na dada angelisikia. Nilifungua mdomo.

"Nimemsamehe," nikasema.

Wakasema amina. Mzee mmoja alilia. Wakanipa mguu wa mbele wa jeneza nibebe, upande wa kulia, na tulipokuwa tunashuka kuelekea makaburini, watu walikuwa wanasemezana kwamba moyo kama wangu hauonekani siku hizi.

Tuliporudi, dada yangu alitoka nyuma ya jamvi. Macho yake yalikuwa yamevimba. Akaja mbele ya watu wote, akachukua mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaubusu, akanishukuru kwa kumsamehe mume wake.